MS Isibebeshwe Kila Ugonjwa

Dada yangu alikuwa ametimiza miaka mitatu na multipo sklerosisi, ugonjwa ambao nyumbani tunauita MS tu, alipoanza kuchoka uchovu mgeni. Uchovu wa MS tulikwisha kuujua: ulipanda na jua la saa saba, ukashuka akioga maji baridi na kulala chini ya feni. Huu mpya uliamka naye alfajiri. Akaanza kuvaa sweta, Tanga, mwezi wa Februari. Nywele zikabaki kwenye kitana, choo kikawa kigumu, uzito ukapanda ilhali sahani yake ilikuwa ileile. Kila tuliyemweleza alitujibu kwa herufi hizo mbili, na sisi tukaridhika nazo. Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo muuguzi aliyekuja kumtoa damu akamtazama shingoni, akasema, "Dada, hebu inua kidevu, umeze mate." Tezi ilipanda na kushuka, imevimba pande zote mbili. Kipimo cha TSH kiliporudi kilikuwa juu mno. Tezi yake ya thairoidi ilikuwa ikidhoofishwa pole pole na kinga ya mwili wake mwenyewe, na dawa yake ilikuwa kidonge kimoja cha levothairoksini kila asubuhi, tumbo likiwa tupu.

Miezi ile saba bado inaniuma. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo laiti tungeyajua, na nayaandika kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe na kwa ajili ya anayemshika mkono kwenda kliniki.

Tuanze na undugu wa magonjwa haya, kwa ufupi. Kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na wadudu wa nje. Katika MS hugeuka na kuishambulia mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Ala ikichubuka, ujumbe huchelewa au hupotea njiani: ganzi, mguu mzito, jicho lenye ukungu, mkojo usiosubiri. Katika ugonjwa wa Hashimoto kinachoshambuliwa ni thairoidi; katika soriasisi ni ngozi; katika kisukari aina ya kwanza ni chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Baadhi ya jeni zinazohusika ni za kundi moja, liitwalo HLA, ambalo kazi yake ni kuionyesha kinga kipi ni cha mwili na kipi ni cha mgeni. Ndiyo maana familia moja huweza kuwa na shangazi mwenye mbalanga, babu mwenye kisukari cha utotoni, na mjukuu mwenye MS.

Hata hivyo undugu huo usitutie hofu kupita kiasi. Watu wengi wenye MS hawapati ugonjwa wa pili wa namna hii maisha yao yote. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliona kwamba kwa wale wanaoupata, unaokutwa zaidi ni soriasisi, kisha ule wa thairoidi. Vidonda vya utumbo vinavyotokana na kinga, uvimbe wa ndani ya jicho na kisukari aina ya kwanza navyo vimeonekana mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Kuhusu lupasi na baridi yabisi, ushahidi wa undugu na MS ni dhaifu. Hilo lina faida yake, na nitalirudia, kwa sababu mtu akiambiwa ana MS na lupasi kwa pamoja, kuna swali la kuuliza kabla ya kukubali.

Sasa mbinu. Ya kwanza ni ya bei rahisi kuliko zote: dalili mpya ihojiwe kabla ya kupewa jina la zamani. Sisi sasa hujiuliza maswali manne, nami nayapendekeza. Imeanza lini, siku gani hasa? Iko upande mmoja au pande zote? Inabadilika na nini: joto, chakula, usingizi, hedhi? Na je, kuna homa?

Swali la homa lisipuuzwe, hasa kwetu kwenye malaria. Joto la mwili likipanda, mshipa uliokwisha kuchubuka hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, na dalili za zamani hurudi kana kwamba ugonjwa umeamka upya. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hilo mwaka 1890 kwa wagonjwa walioona ukungu baada ya kutembea kwa nguvu. Shambulio la kweli la MS hudumu zaidi ya saa 24, na huja bila homa wala maambukizi. Kwa hiyo mguu ukikataa ghafla na mwili una joto, omba kipimo cha malaria na cha mkojo kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo hujificha sana kwa mtu mwenye MS, kwa sababu huenda hahisi maumivu. Kukimbilia dripu ya steroidi wakati kuna maambukizi ambayo hayajatibiwa ni kumwongezea mgonjwa mzigo.

Bila homa, soma mwili wenyewe. Ganzi inayopanda kutoka vidole vya miguu yote miwili sawasawa, kama soksi, inadai vipimo vya sukari na vitamini B12 kabla ya kusingiziwa MS. Upungufu wa B12 huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana mno na MS, na wakati mwingine chanzo chake ni kinga kushambulia tumbo lisiweze kuinyonya vitamini hiyo. Kiungo kilichovimba, chenye joto, kinachogoma kukunjuka asubuhi kwa saa nzima au zaidi, si kazi ya MS. MS hukaza misuli lakini haivimbishi vidole. Kope zinazolegea jioni zikapona asubuhi, au kutafuna kunakochosha taya, humwelekeza daktari kwenye miasthenia, ugonjwa mwingine wa kinga. Kuharisha damu kwa majuma ni habari ya utumbo.

Macho yanataka uangalifu wake. Mshipa wa jicho ukishambuliwa, jicho huuma ukilizungusha, uono hufifia kwa saa au siku, na rangi nyekundu huonekana imechujuka. Funika jicho moja, tazama kanga nyekundu, kisha badilisha, utaona tofauti. Uvimbe wa ndani ya jicho wenyewe huja na wekundu, mwanga unaochoma, na vidoa vinavyoelea. Yote mawili ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo miguu ikifa ganzi pamoja na mkojo kuziba, au kumeza na kupumua kukiwa kwa taabu: hapo hakuna kusubiri tarehe ya kliniki.

Kuna dalili moja ambayo ilitupoteza sisi wenyewe baadaye. Dada alianza kukaukwa na mdomo na macho, tukasoma, tukaamini ni Sjögren, ugonjwa wa kinga unaokausha tezi za mate na machozi. Daktari akauliza dawa anazomeza. Alikuwa anatumia oksibutinini kwa ajili ya kibofu na amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya mishipa, na zote mbili hukausha mdomo. Kabla ya kuutafuta ugonjwa wa tatu, soma karatasi za dawa ulizonazo.

Uchovu ndio mlango unaopitisha magonjwa mengi bila kupigwa hodi, kwa hiyo nausemea peke yake. Ukibadilika, omba TSH, picha kamili ya damu, akiba ya madini ya chuma, B12 na sukari. Vipimo hivyo vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko MRI moja, na kila kimoja kikitoka kibaya kina tiba. Ulizia pia usingizi na huzuni, bila aibu; sonona ni ya kawaida sana kwenye MS na inatibika. Ila ukipima thairoidi, angalia vidonge vya urembo wa nywele na kucha. Vingi vina biotini, na biotini ya kiwango kikubwa huvuruga mashine za maabara kiasi cha kumwonyesha mtu mwenye thairoidi nzima kana kwamba inafanya kazi kupita kiasi. Hatari hii iko karibu zaidi na wenye MS kwa sababu biotini ya miligramu 300 kwa siku iliwahi kujaribiwa kama tiba yao. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 halikuona faida, lakini wapo wanaoendelea kuinunua. Mwambie mtu wa maabara, na muulize daktari uiache siku ngapi kabla ya kupima.

Kuna ugonjwa ambao kila mwenye asili ya Afrika aliyeambiwa ana MS anapaswa kuusikia angalau mara moja. Unaitwa niyuromayelaitisi optika, kwa kifupi NMO. Daktari Eugène Devic wa Ufaransa aliueleza mwaka 1894, na kwa miaka mingi ulidhaniwa ni tawi la MS. Mwaka 2004 watafiti wa kliniki ya Mayo, Marekani, waligusa kiini chake: kingamwili ambayo baadaye ilijulikana kuwa inashambulia akwaporini-4, mlango wa maji kwenye chembe za ubongo. Kwa hiyo ni ugonjwa mwingine kabisa. Watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki huupata zaidi kuliko Wazungu, na shambulio moja laweza kuacha upofu au miguu isiyotembea.

Alama zake ni hizi: macho yote mawili kupotea kwa muda mfupi, jeraha refu kwenye uti wa mgongo linalovuka pingili tatu au zaidi kwenye MRI, na kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi ambako vipimo vya tumbo havioni sababu. Hii ya kwikwi ieleweni vizuri ndugu zangu, maana mgonjwa huzungushwa kwenye kliniki za tumbo, kisha huonekana kama mwenye mambo ya kufikirika, mpaka siku miguu inapokataa.

Na hapa ndipo lile la lupasi linaporudi. NMO hupenda kutembea na lupasi, Sjögren na miasthenia, kuliko MS inavyofanya. Basi ukiambiwa una MS pamoja na mojawapo ya hayo matatu, muulize daktari kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Je, nimepimwa kingamwili ya akwaporini-4?" Ni kipimo cha damu. Pasipo na maabara inayokifanya, damu yaweza kusafirishwa, na ndugu walio Ulaya au Ghuba wanaweza kusaidia gharama hata kama hawawezi kusaidia jingine. Sababu ya kung'ang'ania ni kwamba baadhi ya dawa za MS, zikiwemo intaferoni beta, fingolimodi na natalizumabu, zinaweza kuuzidisha NMO. Jina likikosewa, dawa nayo huenda ikadhuru.

Kinyume chake, usishtuke ukiona kipimo cha ANA kimetoka chanya. Hicho hutumika kutafuta lupasi, lakini hutoka chanya, hasa kwa kiwango cha chini, kwa watu wengi wenye MS wasio na lupasi, na hata kwa wenye afya. Bila vidonda vya mdomo, upele wa mashavuni, viungo kuvimba au mkojo wenye povu, ANA peke yake haitoshi kumpa mtu jina jipya.

Dawa ndizo sehemu ambayo kosa la daktari mmoja kutojua la mwingine huumiza kuliko pote. Bingwa wa viungo anaweza kukupa dawa ya kundi la kuzuia TNF, kama infliksimabu, adalimumabu au etanasepti. Ni dawa nzuri kwa baridi yabisi, soriasisi na utumbo. Kwa mwenye MS ni za kuepukwa. Dawa ya namna hiyo, lenasepti, ilijaribiwa kwa watu 168 wenye MS. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa waliopewa dawa walipata mashambulio mengi kuliko waliopewa dawa bandia. Hata kama huna MS, lakini mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, litaje kabla ya kukubali sindano hizo. Na ukiwa tayari unazitumia kisha ukapata ganzi au ukungu wa jicho, mpigie daktari siku hiyo.

Habari njema ni kwamba upande wa pili upo. Zipo dawa zinazoweza kubeba magonjwa mawili kwa mkono mmoja, na mabingwa wawili wakizungumza huweza kuichagua. Dimethili fumarati inatibu MS, na ndugu zake wa karibu walitibu soriasisi Ujerumani kwa miaka mingi kabla. Natalizumabu hutumika kwa MS na kwa ugonjwa wa Crohn wa utumbo. Rituksimabu ni ya baridi yabisi, hutumika kwa NMO, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirama. Orodha hiyo ni hoja ya kupeleka kwa bima na kwa mfamasia wa hospitali: hatuombi anasa.

Dawa nyingine huamsha ugonjwa wa pili zenyewe. Alemtuzumabu huvuruga thairoidi ya takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na kwa wachache hushusha chembe za kugandisha damu au hugusa figo. Ndiyo sababu damu na mkojo hupimwa kila mwezi mpaka miaka minne baada ya dozi ya mwisho. Intaferoni beta nayo inadai thairoidi na ini vichunguzwe. Steroidi hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aondoke na mpango wa insulini kabla dripu haijaning'inizwa.

Kabla ya kuanza rituksimabu au okrelizumabu, hakikisha umepimwa homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kuamka kwa ukali. Muulize daktari pia kuhusu kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Na wasafiri wasikilize hili: chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai. Mtu aliyeshushwa kinga hapaswi kuchomwa mpakani au uwanja wa ndege kwa sababu tu kadi imekosekana. Ichomwe mapema kabla ya dawa kuanza, kwa ushauri wa daktari, au upate barua na muhuri wa sababu za kiafya kwenye kile kitabu cha manjano, kisha uulize nchi unayokwenda kama wanaikubali.

Nyumbani kwetu hayo yote yanakaa kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, ndani ya bahasha pamoja na CD za MRI. Mbele kuna majina ya magonjwa na mwaka kila moja lilipothibitishwa, na kwa kipimo gani. Chini yake dawa zote na dozi, pamoja na za mitishamba. Nyuma kuna dawa zilizowahi kumdhuru, chanjo, namba za madaktari wote, na mistari mitatu ya familia: nani ana thairoidi, nani ana mbalanga, nani ana kisukari cha utotoni. Upele hupigwa picha siku unapotokea, kwa sababu siku ya kliniki hufifia. Fotokopi huachwa kwa kila daktari, hata asiyeiomba. Mara ya kwanza niliona haya kuitoa. Bingwa wa macho aliisoma kimya, kisha akabadilisha dawa aliyokuwa amekwisha kuiandika.

Kuhusu mitishamba nina neno moja la kusisitiza. Dawa zinazotangazwa kuwa "zinaongeza kinga" hazimfai mgonjwa wa kundi hili kwa hoja hiyo. Kinga yake haijapungua, inapiga pasipostahili. Anayekuuzia chupa hiyo anakuuzia kinyume cha unachohitaji, na nyingine huumiza ini ambalo tayari linasindika dawa nzito.

Mwanamke anayetaka kuzaa azungumze kabla ya mimba, kwa kuwa methotreksati, teriflunomidi na kladribini humdhuru mtoto tumboni. Mimba yenyewe huipoza MS, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mashambulio huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, muda uleule ambao thairoidi nayo hupenda kuvurugika. Mama aliyejifungua akizidiwa na uchovu, asiambiwe tu kwamba ni kulea.

Mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka 19, na mwezi uliopita aliniuliza jikoni, "Mamdogo, na mimi nipimwe?" Nilimjibu kwamba hakuna kipimo cha damu cha kutabiri MS, na kwamba kwa watoto wa mwenye MS, wanaoupata ni takriban wawili hadi wanne kati ya mia. Hata pacha wa kufanana, jeni zilezile, huupata mara moja tu kati ya nne. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo utafiti wa mwaka 2022 kwa wanajeshi wa Marekani uliviweka karibu sana na chanzo cha MS, karibu sote tumekwisha kuvipata. Kilicho mikononi mwake ni kutovuta sigara, kutoacha uzito upande mno ujanani, na kupata jua. Kisha akaniomba nimwonyeshe shingo ya mama yake inavyotazamwa, nikamwambia akae kwenye kigoda, ainue kidevu, ameze mate.